Daktari wa upasuaji na wakili: jinsia izingatiwe lini, na ipuuzwe lini

Watu wengi wana jibu hata kabla hawajaulizwa. Kesi ya talaka? "Tafuta wakili mwanamume, mkali, asiyeyumbishwa." Uvimbe kwenye kizazi? "Nenda kwa daktari mwanamke, atakuelewa." Ukiwauliza wamejuaje, watakusimulia habari za shangazi yao. Mwongozo huu ni wa mtu mwenye tatizo la kweli mezani: tarehe ya upasuaji imeshapangwa, au samansi imeshafika mlangoni, naye anataka kujua kama suala la mwanamke au mwanamume lina uzito wowote katika uamuzi wake.

Msimamo wangu nauweka mapema. Jinsia ya mtaalamu haikuambii anaijua kazi kiasi gani. Inachogusa ni wewe: utasema nini, utaficha nini, utakubali kuvua nini. Ndiyo maana tunaanza na wewe kabla ya kumgeukia daktari au wakili.

Kwanza: andika sababu zako

Kaa na karatasi. Andika kwa nini unamtaka mwanamke, au kwa nini unamtaka mwanamume. Usijitie haya; karatasi hiyo hasomi mtu. Sababu zitakazotoka, karibu zote, zitaingia katika mafungu matatu.

Kuna stara: mwili utakaotazamwa, dini, au jeraha la zamani kama kubakwa au kupigwa. Kuna mazungumzo: unajua ulimi utakuwa mzito mbele ya mtu wa jinsia fulani. Halafu kuna sifa za kudhaniwa: wanawake wana huruma, wanaume hawatetereki, mwanamke atawaogopa wale mawakili wakubwa wa upande wa pili.

Sababu za stara ni halali, wala huna haja ya kuzitetea mbele ya mtu. Za mazungumzo ni halali pia, ila zipimwe, kwa sababu nyingi zina dawa nyepesi kuliko kubadili mtaalamu. Za sifa za kudhaniwa, futa zote. Mawakili wanaume wanaonywea mbele ya hakimu mkali wapo tele, na wahudumu wa kike wenye ulimi wa pilipili anawajua kila mwanamke aliyepita wodi ya wazazi.

Usidhani fungu la mazungumzo ni dogo. Tazama linavyokuwa chumbani. Mama ameingia, amekaa ukingoni kabisa mwa kiti, kanga mbili kiunoni na kitambaa ndani yake. Daktari, kijana wa kiume, hajainua macho kwenye daftari.

"Mama, shida nini?"

"Tumbo."

"Linauma sehemu gani?"

"Huku chini."

"Tangu lini?"

"Siku nyingi kidogo."

Anaandikiwa kipimo cha mkojo na vidonge, anaondoka. Hakusema kwamba mkojo unamtoka wenyewe usiku na mchana tangu uchungu wa siku mbili uliomuua mtoto, kwamba mume amehama chumba, wala kwamba amekaa ukingoni asije akalowesha kiti. Ile ni fistula ya uzazi, na fistula inatibika kwa upasuaji. Pale CCBRT, Dar es Salaam, hutibiwa bila malipo. Mficha uchi hazai, lakini mama huyu kilichomfunga mdomo ni kumuona kijana wa umri wa mwanawe. Kwa mtu kama yeye, daktari au nesi wa kike katika mazungumzo yale ya kwanza anaweza kuwa ndio tofauti kati ya kupona na kuendelea kuvuja miaka kumi.

Angalia lakini kwamba nimesema mazungumzo ya kwanza. Mkono utakaoshona ni habari nyingine. Denis Mukwege, daktari wa Bukavu, Kongo, aliyepata Tuzo ya Nobeli ya Amani mwaka 2018, ni mwanamume, na Hospitali ya Panzi aliyoianzisha mwaka 1999 imewatibu maelfu ya wanawake waliobakwa vitani, watu ambao ungedhani hawataki kumuona mwanamume karibu. Pale Panzi mgonjwa hupewa mwanamke wa kumsindikiza, kukaa naye, kumsikiliza na kumsemea inapobidi. Hapo ndipo penye funzo kwa anayechagua: ukimpata mwanamke wa kupokea siri yako, mara nyingi daktari wa kukupasua anaweza kuwa yeyote aliye hodari.

Pili: tazama saa kabla ya kutazama jinsia

Kuna hali ambazo uchaguzi wa jinsia unafungwa, nazo ni nyingi kuliko watu wanavyodhani. Mimba iliyotunga nje ya kizazi ikipasuka, kidole tumbo kikipasuka, ngiri ikinyongwa, hapo unamkubali aliye zamu. Kwa wanaume: korodani ikijinyonga ina kama saa sita tu za kuokolewa vizuri. Kijana anayeona haya kumwonyesha daktari mwanamke na kusema "ngoja kesho aje yule mzee" anaweza kuipoteza.

Aliyebakwa, mwanamke au mwanamume, dawa za kuzuia VVU zianze ndani ya saa 72, na kila saa inayopita inapunguza nguvu yake. Omba mhudumu wa jinsia unayoitaka, ni haki yako kuomba. Hayupo? Anza dawa kwanza. Tanzania, vituo vingi vya polisi vina Dawati la Jinsia na Watoto. Huko pia unaweza kuomba askari wa kike wa kuandika maelezo. Usioge, usifue nguo ulizovaa.

Mahakamani nako kuna saa. Tanzania, aliyeshtakiwa kwa shauri la madai na kupewa hati ana siku 21 za kuleta majibu yake ya maandishi. Anayetaka kukata rufaa kwenda Mahakama ya Rufani anatakiwa awasilishe notisi ndani ya siku 30. Kenya ni siku 14. Ukizimaliza siku hizo ukizunguka mjini kumtafuta wakili mwanamke, au wakili mwanamume, utakuja kulipa mara mbili: kwanza ombi la kuongezewa muda, kisha kesi yenyewe.

Tatu: leseni, halafu mkono uliozoea

Hatua hii inachosha kidogo, lakini usiiruke. Kenya, Law Society of Kenya ina ukurasa wa kutafuta jina la wakili na kuona kama leseni yake ya mwaka huu ipo hai. Tanzania, Mahakama ina mfumo wa e-Wakili wa kazi hiyohiyo. Leseni ya uwakili huhuishwa kila mwaka, kwa hiyo cheti kilichoning'inizwa ukutani tangu enzi za Mkapa hakikuambii chochote cha leo. Vishoka hawana jinsia: wapo wenye suti na wapo wenye sketi. Kwa madaktari, Kenya kuna orodha ya KMPDC, yaani baraza la madaktari la huko, Tanzania Bara kuna Baraza la Madaktari Tanganyika.

Leseni ikishathibitika, uliza uzoefu, na uliza kwa namba. Kwa daktari: "Upasuaji huu umeufanya mara ngapi mwaka huu? Ukikuta shida katikati, nani mwingine yupo hapa wa kukusaidia?" Uhusiano kati ya idadi ya upasuaji anaoufanya daktari na matokeo ya wagonjwa wake umeonekana nchi baada ya nchi: anayefanya operesheni fulani kila wiki humzidi anayeifanya mara mbili kwa mwaka. Daktari mzuri hakasiriki akiulizwa hivyo. Akikasirika, umepata jibu lako.

Kwa wakili, usimuulize ameshinda kesi ngapi. Kila mtu atakuambia nyingi. Muulize hatua. Mfano wa talaka Tanzania Bara: Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971, kifungu cha 101, inataka mgogoro upite kwanza baraza la usuluhishi wa ndoa, la kata au la dini kama BAKWATA, kabla ya kufungua shauri la talaka, isipokuwa kwa hali chache kama mwenzi aliyetoroka na hajulikani alipo. Wakili anayekuambia "tunafungua wiki ijayo" bila kukuuliza mmepita baraza gani, muage kwa adabu, awe dada au kaka.

Swali la pili la kumpima: "Mimi nilikuwa mama wa nyumbani, sikuwa na mshahara. Nyumba ile nitapata kitu?" Asikie kwanza, kisha akutajie Bi Hawa Mohamed dhidi ya Ally Sefu, uamuzi wa Mahakama ya Rufani wa mwaka 1983 uliosema kazi za nyumbani ni mchango katika mali ya ndoa. Akiwa mkweli, ataongeza kwamba katika kesi hiyo kanuni ilishinda lakini Bi Hawa mwenyewe hakupata alichokuwa akikidai, kwa hiyo ushahidi wako wa mchango tuanze kuuandaa leo. Anayekuahidi nusu kwa nusu papo hapo anauza matumaini.

Nne: utafiti wa upasuaji unasemaje

Hapa nitakaa kidogo, kwa kuwa vichwa vya habari vimeshafika kwenye magrupu ya WhatsApp vikiwa vimekatwa mkia.

Mwaka 2017 jarida la kitabibu la BMJ lilichapisha utafiti wa jimbo la Ontario, Kanada, uliowalinganisha wagonjwa zaidi ya 104,000 waliofanyiwa upasuaji wa aina 25. Ndani ya siku 30, waliokufa, kurudi hospitali au kupata madhara walikuwa asilimia 11.1 kwa madaktari wanawake na 11.6 kwa wanaume. Yaani katika wagonjwa elfu moja, tofauti ni watu watano. Mwishoni mwa 2021 kundi hilohilo la watafiti lilitoa kazi nyingine katika jarida la JAMA Surgery, safari hii ikiwa na wagonjwa zaidi ya milioni 1.3. Wanawake waliopasuliwa na wanaume walikuwa na uwezekano mkubwa zaidi, kwa asilimia 15, wa kupata matokeo mabaya kuliko wanawake waliopasuliwa na wanawake. Wagonjwa wanaume hawakuonyesha hasara ya namna hiyo kwa kupasuliwa na mwanamke.

Sweden, mwaka 2023, waliangalia upasuaji wa kutoa kifuko cha nyongo. Madaktari wanawake walitumia muda mrefu zaidi mezani, na wagonjwa wao walipata madhara machache. Japani, mwaka 2022, walipima upasuaji wa saratani ya tumbo na utumbo: hakukuwa na tofauti ya maana, ingawa madaktari wanawake walikuwa wamepewa wagonjwa wenye hali mbaya zaidi.

Nini cha kuchukua hapo? Kwanza, ile hadithi kwamba upasuaji ni kazi ya wanaume imekosa mguu wa kusimamia. Mama mkwe akisema "huyo binti ataweza kweli?" una la kumjibu. Pili, tofauti zinazoonekana ni za wastani wa maelfu ya watu, na wastani hauingii thieta. Daktari mwanamume makini anayesikiliza na asiye na papara atamzidi daktari mwanamke mzembe siku zote. Ukiniuliza mimi, naona nguvu ya tafiti hizi ipo kwenye tabia zinazodokezwa: kwenda taratibu mezani, na kusikiliza malalamiko ya mgonjwa baada ya upasuaji badala ya kumwambia ni maumivu ya kawaida. Mambo hayo unaweza kuyachunguza kwa mtu mmojammoja, na ndiyo utakayoulizia kwa waliotibiwa naye: "Ulipomwambia kidonda kinauma, alikuja kukiangalia mwenyewe?"

Kisha kuna ukweli wa huku kwetu. Hesabu zilizochapishwa mwaka 2016 kuhusu nchi za Chuo cha Madaktari wa Upasuaji cha Mashariki, Kati na Kusini mwa Afrika, COSECSA, chenye makao Arusha, zilionyesha wanawake hawafiki hata mmoja katika kila madaktari kumi wa upasuaji. Wanaongezeka, na wana umoja wao ndani ya chuo hicho. Hata hivyo anayesema "sipasuliwi mpaka na mwanamke" akiwa Songea au Garissa anaweza kuwa anasema "nitasubiri sana," au "nitasafiri." Kama uvimbe wako unaruhusu kusubiri, sawa. Muulize daktari kwa maneno hayohayo: "Nikikaa miezi mitatu nikimtafuta daktari mwanamke, nitapoteza nini?" Kwa saratani ya titi jibu litakuwa kali. Kwa ngiri isiyouma, huenda likawa jepesi.

Tano: uliza nani mwingine atakuwepo

Wengi hujisahau hapa. Wamehangaika hadi wakampata daktari mwanamke, wanafika thieta wanakuta wanaume wanne: mtaalamu wa usingizi, msaidizi wa daktari, nesi wa vifaa, na intani aliyekuja kujifunza. Kabla ya hapo kuna aliyemnyoa mgonjwa na aliyemwekea mpira wa mkojo. Baada ya hapo kuna wa kumgeuza wodini usiku.

Kwa hiyo kama sababu yako ni stara, daktari mkuu ni sehemu ndogo tu ya ombi lako. Siku ya kliniki, kabla ya kusaini fomu ya ridhaa, sema hivi:

"Daktari, naomba mpira wa mkojo niwekewe na nesi wa kike. Na wanafunzi wa kiume, naomba wasiwepo wakati ninatayarishwa. Nikishalala, nifunikwe sehemu zisizohusika."

Hayo hospitali nyingi zinaweza, hata ya wilaya, mradi yasemwe mapema na yaandikwe kwenye faili. Ukiyasema ukiwa juu ya kitanda cha magurudumu, hakuna wa kuyashughulikia. Kwa vipimo vya kawaida vya ndani na daktari mwanamume, omba nesi wa kike asimame chumbani. Daktari mwenye busara humwita bila kuombwa, kwa usalama wake mwenyewe pia.

Kwa Waislamu wanaojiuliza kuhusu sharia: Baraza la Kimataifa la Fiqhi lililo chini ya Jumuiya ya Ushirikiano wa Kiislamu, katika kikao chake cha Brunei mwaka 1993, liliweka mpangilio. Mgonjwa mwanamke atibiwe na daktari mwanamke Mwislamu akipatikana. Asipopatikana, mwanamke asiye Mwislamu mwenye kuaminika. Kisha mwanamume Mwislamu. Kisha mwanamume asiye Mwislamu. Mwanamume atazame kile tu kinachohitajika kwa matibabu, na isiwe faragha ya wawili: mahram (ndugu asiyeweza kumuoa), mume au mwanamke wa kuaminika awepo. Ona kwamba mpangilio huo haukomei mlangoni kwa "hakuna mwanamke, basi rudi nyumbani ufe." Mume anayemzuia mkewe kupasuliwa kwa sababu aliye zamu ni mwanamume asiisingizie dini.

Wakili naye ana thieta yake. Jina lililo mlangoni la bibi mkubwa au bwana mkubwa ndilo ulilolifuata, lakini siku ya kesi anakuja kijana wa mwaka wa kwanza kuomba ahirisho. Uliza: "Siku ya kusikilizwa, nani atasimama? Nani ataandika maelezo yangu? Nani atapokea simu yangu?" Kama ulimtaka mwanamke kwa sababu utasimulia mambo ya chumbani, na anayeandika maelezo ni karani wa kiume, bado hujapata ulichokitafuta.

Sita: kesi zenyewe, moja moja

Hati ya shamba, mkataba, deni, ajali, kuandikisha kampuni, kufukuzwa kazi kwa kawaida: jinsia isikushughulishe hata dakika moja. Tafuta mzoefu wa jambo hilo na mwenye bei inayoeleweka.

Talaka, matunzo ya watoto na mirathi ndipo watu wanapokosea zaidi. Wanawake huambiwa wachukue mwanamke mwenzao, wanaume wachukue mwanamume mwenzao, kana kwamba mahakama ni uwanja wa mpira na kila mtu avae jezi yake. Historia ya sheria zetu inasema vingine. Uamuzi wa Bi Hawa Mohamed ulitolewa na majaji wanaume, Jaji Mkuu Nyalali akiuandika. Mwaka 1990 Mahakama Kuu Mwanza ilipotamka, katika kesi ya Ephrahim dhidi ya Pastory, kwamba mwanamke wa Kihaya ana haki ya kuuza ardhi ya ukoo aliyorithi, jaji alikuwa Mwalusanya, mwanamume. Mwanaharakati Rebeca Gyumi alipovipinga mahakamani vifungu vya Sheria ya Ndoa vinavyoruhusu wasichana kuolewa wakiwa watoto, akashinda Mahakama Kuu mwaka 2016 na tena Mahakama ya Rufani mwaka 2019, aliyesimama kumtetea alikuwa wakili Jebra Kambole. Kwa upande mwingine, Fatma Karume alichaguliwa kuongoza chama cha mawakili wa Tanganyika mwaka 2018, na Faith Odhiambo kile cha Kenya mwaka 2024. Mawakili wenzao wa kiume hawakuwapa kura kwa ajili ya huruma.

Mashirika ya mawakili wanawake ni habari ya pekee. FIDA Kenya ilianza mwaka 1985, TAWLA ya Tanzania mwaka 1989, na Zanzibar kuna ZAFELA. Ubora wao kwa mwanamke asiye na uwezo hautokani na jinsia ya wakili tu: wameziona kesi hizi kwa mamia, wanajua baraza lipi linasumbua, wanajua nyumba salama ziko wapi, na msaada ni bure. Kama umepigwa au umetupwa nje na watoto, anzia huko, au kwenye dawati la msaada wa kisheria lililo karibu. Tanzania ina Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017, Kenya ya mwaka 2016.

Kesi za ubakaji na ukatili: anayeshtaki ni serikali, kwa hiyo mwendesha mashtaka humchagui. Unachoweza ni kuomba, kupitia ustawi wa jamii au shirika, mtu wa jinsia uitakayo akuandae kabla ya kutoa ushahidi. Kwa mtoto, mwache mtoto mwenyewe aonyeshe anamwelekea nani.

Aliyeshtakiwa naye huja na ujanja wake: "niweke wakili mwanamke, nionekane si mtu mbaya." Ujanja huu umetoka Marekani, ambako anayeamua ni jopo la wananchi na sura ina kazi yake. Hata huko hauna uhakika. Harvey Weinstein, mtayarishaji wa filamu aliyeshtakiwa kwa ubakaji, aliongozewa utetezi wake New York mwaka 2020 na mwanamke, Donna Rotunno, na jopo likamtia hatiani kwa baadhi ya mashtaka (mwaka 2024 hukumu hiyo ikatenguliwa, kwa hoja za ushahidi ulioruhusiwa kimakosa, si kwa sura ya wakili). Mbele ya hakimu wa Kisutu, Dar es Salaam, au Milimani, Nairobi, anayesikiliza mashahidi na kuandika sababu za uamuzi wake, pesa hiyo ni afadhali uitumie kumpata wakili anayejua kuhoji mashahidi.

Na wanaume. Haya ya mwanamume huzungumzwa kidogo, lakini imewaua wengi kwa tezi dume. Anajua daktari wa kliniki ni mwanamke, anajua kipimo ni cha kidole njia ya haja kubwa, anakunywa mizizi miaka mitatu. Kama ni hivyo, omba daktari mwanamume, na bahati nzuri kwa upande huu ndio wengi. Mwanamume anayepigwa na mkewe huenda akamwona wakili mwanamume ndiye atakayemcheka, akajikuta anasema vizuri zaidi mbele ya mwanamke. Huo ni uchaguzi halali, na usimpe mtu maelezo.

Saba: kikao cha kwanza ndicho mtihani

Umebaki na majina mawili matatu. Nenda ukaonane nao, na kabla ya kwenda chagua jambo moja zito unaloona haya kulisema: deni ulilomficha mkeo, mimba uliyoitoa, mtoto wa nje, dawa za kienyeji ulizokunywa. Liseme. Tazama kinachotokea.

Akiacha kalamu, akasikiliza mpaka mwisho, akauliza swali linalofuata bila kukuhukumu, huyo anakufaa. Akikukatiza, akacheka, akakuhubiria, au akaanza kuongea na mumeo uliyekuja naye badala yako, ondoka. Dalili hiyo ya mwisho ni mbaya kuliko zote: mtaalamu anayemwelekea mwanamume aliyekusindikiza, kana kwamba kizazi au shamba ni lake. Wapo madaktari wanawake wanaofanya hivyo pia. Ukiona hivyo mara ya kwanza, mwombe aliyekusindikiza akusubiri nje na uone kama mambo yatabadilika.

Mwombe akueleze mpango wake kwa Kiswahili cha nyumbani, kisha umrudishie kwa maneno yako. Akikusahihisha kwa subira, vizuri. Muulize na gharama zote: kwa wakili, nini kiko ndani ya ada na nini kiko nje, na risiti; kwa daktari, bima yako inamgusa yeye au inakufunga kwa aliye zamu. Bima nyingi hukupa hospitali bila kukupa daktari, na hapo ombi lako la jinsia linahitaji siku ya kliniki yake. Mwambie wa mapokezi: "Dada, naomba kuonwa na daktari mwanamke. Kama leo hayupo, anakaa kliniki siku gani?"

Ukitaka kubadili katikati

Kwa daktari ni rahisi: omba nakala za vipimo na picha, kaone wa pili. Huhitaji ruhusa wala ugomvi.

Kwa wakili pana miiba. Mweleze kwa maandishi kwamba unasitisha huduma yake, wakili mpya ajaze notisi ya mabadiliko na kuipeleka mahakamani na kwa upande wa pili. Wa zamani anaweza kulishikilia jalada mpaka ulipe anachokudai kihalali, kwa hiyo malizana naye na uchukue risiti kabla ya tarehe ya kesi haijakaribia. Kenya, hukumu ikishatoka, kubadili wakili kunataka ruhusa ya mahakama au ridhaa ya wakili unayemwacha. Kama sababu ya kubadili ni kwamba alikutongoza, alikushika, au aliuza siri yako, usiishie kubadili: Tanzania Bara peleka malalamiko kwenye Kamati ya Mawakili, Kenya kwenye Tume ya Malalamiko dhidi ya Mawakili, na kwa madaktari kwenye mabaraza yaliyowapa leseni. Andika tarehe, saa, nani alikuwepo mapokezi, na meseji usizifute.